Miaka 25 ya klabu yetu ya magari ya zamani: safari hii fundi alikaa gari la mbele (uzi mrefu)

Gia ya Usukani (mleta uzi)

Habari zenu, wakuu. Tangu Jumapili simu yangu haijatulia, kila aliyeikosa sherehe anataka kuhadithiwa. Nitaandika yote hapa mara moja, hata yakiwa marefu.

Klabu yetu ya magari ya zamani hapa Nairobi imefikisha miaka 25. Tulianza watu sita wenye magari matano. Wawili kati yetu walikuwa ndugu wa tumbo moja, na Morris Minor waliyoachiwa na marehemu baba yao ilikuwa moja, wakawa wanaiendesha kwa zamu, wiki huyu, wiki yule. Hatukuwa na katiba wala ada. Tulikuwa na sanduku moja la spana lililozunguka nyumba hadi nyumba. Jumapili yalijipanga magari 31, na kuna mengine ambayo hayakuja kwa sababu yako juu ya mawe yakisubiri spea.

Tulikutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road. Pale ndipo panapofanyika Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970 chini ya klabu ya wenye Alfa Romeo, na wengi wetu mapenzi haya yalituingia pale pale. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alinishika mkono tukamtazama jaji akilala chali chini ya gari, na kitambaa cheupe mkononi, akitafuta tone la oili. Hakulipata. Nilitamani siku moja niwe mwenye gari lile, lakini leo nikikumbuka, najiuliza nani alilifuta.

Baridi ilikuwa ya kung'ata. Kila mtu alivuta choki, ile ya kuongezea injini baridi petroli, na kwa dakika kumi uwanja mzima ulinuka petroli mbichi, harufu ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Kulikuwa na Beetle saba zikitetema kwa ule mlio wao wa cherehani. Peugeot 404 tatu, 504 sita, moja ikiwa ile ndefu ya viti vya nyuma vya ziada iliyobeba abiria wa nchi hii miaka na miaka. Land Rover za bodi ya aluminiamu, Escort moja, Datsun 1200 mbili, Volvo PV544 moja. Karibu zote zina namba za zamani, zile zisizo na herufi mwishoni, za kabla ya mwaka 1989. Mtoto mmoja alimuuliza mamake kwa nini namba zetu "hazijaisha".

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Kwa kawaida mwenyekiti ndiye huongoza msafara. Safari hii pia gari la mbele lilikuwa 404 ya mwenyekiti, ila kiti cha kando yake alikaa fundi wetu. Sitamtaja jina, mwenyewe hapendi. Ana miaka 71. Alianza kazi akiwa mvulana kwenye barabara ya Grogan, ambayo kwenye ramani ni Kirinyaga Road lakini ukimwambia mtu wa spea "Kirinyaga" anakufikiria kwanza. Kidole gumba chake cha kushoto kimepinda tangu jeki ilipoteleza, zamani, kabla sijamjua. Akiseti gari lenye kabureta mbili, vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa, huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, akirudiarudia na kugeuza skrubu robo kwa robo mpaka pumzi za zote mbili ziwe sawa. Wakati huo hakuna anayeruhusiwa kuzungumza.

Mtu huyu ameyashika magari yetu yote. Hakuna hata moja kati ya yale 31 ambalo hajalifungua mahali. Na kwa miaka 24 alialikwa kila sherehe yetu, ni kweli, lakini alialikwa na ovaroli yake. Sisi tuliketi mezani chini ya hema. Yeye na vijana wake walikula kando ya magari, sahani gotini, wakingoja gari litakalogoma. Hakulalamika hata siku moja. Nami nilikuwa mmoja wa waliokaa hemani.

Miezi mitatu iliyopita tulipokuwa tukipanga sherehe, mjumbe mmoja aliuliza tutamlipa fundi kiasi gani siku hiyo. Katibu wetu, mama mwenye Morris, akasema: tusimlipe, tumwandike. Kukawa kimya. Halafu tukabishana kwa saa mbili na nusu. Mwishowe kura zikapigwa, na yeye pamoja na mafundi wenzake wanne, wa bodi, wa umeme, wa viti na wa kukereza vyuma, wakaandikwa wanachama kamili, wasiolipa ada, wenye kura.

Jumapili alikuja na koti la kijivu na tai. Baadhi yetu hatukumtambua alipokuwa akivuka lango.

Tulipita Waiyaki Way, Kikuyu, Rironi, tukashuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani. Limuru ukungu ulikuwa mzito mpaka taa zetu za manjano zikawa kama mishumaa. Chini kule tulisimama kwenye lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano mwaka 1942, wao wenyewe waliokuwa wakiichimba barabara hiyo. Tuliwakumbuka wanachama wetu wanane waliotangulia. Hatukusoma majina, tuliwasoma kwa magari yao, kama tulivyowajua: mwenye Zephyr ya kijani, mwenye Beetle ya honi mbili, mwenye Land Rover isiyo na paa. Kila gari likitajwa, honi moja. Bado nywele zinanisimama.

Kulitokea jambo wakati wa kupanda, nitalileta. Wageni wamefika, narudi usiku.

Mvita

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Mzee mleta uzi, umenitoa machozi na hiyo ya honi. Tunasubiri lililobaki, usituache njiani.

Spana Kumi

Mimi ni mwanachama na nilikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya hapana. Nitasema wazi kwa nini, maana naona hapa nitaonekana mtu mbaya. Fundi namheshimu. Amenifufulia 504 mara mbili. Lakini klabu ni ya wenye magari. Mimi nimelipa ada tangu mwaka wa pili, hata miaka niliyokuwa sina kazi. Leo fundi ana kura kuhusu gari langu liingie maonyesho au lisiingie, na huyo huyo ndiye ninayemlipa alitengeneze. Hapo hamuoni shida?

Gia ya Usukani (mleta uzi)

Spana Kumi ndugu yangu, wewe si mtu mbaya, na hoja yako ina uzito. Ndiyo maana tuliandika kwamba fundi hatapigia kura gari alilolitengeneza mwaka huo. Ulikuwa umetoka nje kupokea simu.

Lakini hilo la "klabu ni ya wenye magari" nalipinga kwa moyo wote. Fikiria gari lako. Ulilinunua wapi? Kwa mtu aliyelichoka. Yeye naye alilipata wapi? Hati ya umiliki imebadilika mara nne, na mkono uliofungua ile injini ni mmoja tangu gari lilipokuwa na rangi ya kiwandani. Nani hapo amekuwa na gari muda mrefu zaidi? Na tena hii nchi yetu haipokei mtumba wa kawaida uliozidi miaka minane, kwa hiyo hatuwezi kutegemea meli ituletee 504 nyingine. Tulizo nazo ni hizi zilizobaki, na zimebaki kwa sababu kuna watu wachache Grogan, Kariokor na Industrial Area waliokataa kuzikata vyuma.

Sasa lile la kupanda.

Saa nane tuligeuza. Mnajua kupanda kutoka Mai Mahiu: malori yamejaa, unatembea kwa gia ya kwanza, jua liko usoni, upepo hauingii kwenye rejeta. Fundi alikuwa amehamia 404 nyeupe ya binti mmoja mwanachama wetu, wa miaka 23, aliyeachiwa gari na babake. Mimi nilikuwa nyuma yao. Kona ya tatu ikafa. Nikasogea kando, nikashuka na kisanduku changu. Vijana watatu wa gereji nao wakaja mbio.

Fundi hakushuka. Alikuwa na hindi la kuchoma mkononi, akatuonyesha kwa kiganja tusimame hapo hapo. Akamgeukia binti.

"Imekufaje?"

"Imezima tu, Guka." Guka ni babu kwa Kikuyu.

"Hapana. Imekohoa kwanza, au imekatika ghafla?"

Akafikiri. "Imekohoa. Ilivuta, ikaacha, ikavuta tena, ikafa."

"Basi stima iachie. Stima ikikatika hukatika kama taa ya nyumba. Mafuta yakikatika hukatika kama mgonjwa. Nenda ukatazame."

Akafungua boneti. Pampu ya mafuta ya 404 iko ubavuni mwa injini, inasukumwa na injini yenyewe, na joto lote linaishia pale. Akaigusa akaondoa kidole haraka. Akaangalia kichujio cha kioo kwenye bomba: mapovu matupu. Petroli ilikuwa inachemkia ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na pampu ile haiwezi kusukuma mvuke. Hapa kwetu juu jambo hili hutokea upesi zaidi kuliko pwani, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo na petroli huchemka mapema, kama vile maji ya ugali yanavyochemka mapema Limuru.

Binti hakuuliza tena. Alivua leso yake begani, akaimwagia chupa nzima ya maji ya kunywa, akaifunga kwenye pampu na bomba kama anayefunga kidonda. Tukangoja. Malori yalitupita, wengine wakitupigia honi, mmoja akatupa pole. Dakika kumi na tano. Akapiga stati: mara ya kwanza hakuna, mara ya pili ikakohoa, mara ya tatu ikashika.

Fundi alikuwa amemaliza hindi. Akafuta mikono, akasema, "Kesho ulisogeze hilo bomba mbali na ekzosi. Upana wa vidole viwili." Basi. Wala hakuwa ameufungua mlango.

Niliwaangalia wale vijana watatu wa gereji. Miaka yote wamemwona akirukia kila gari kabla mwenyewe hajavuta breki ya mkono. Mmoja wao alikuwa ameshika spana namba kumi na tatu kifuani kama mtu aliyeshika kofia msibani.

Mwana Moshi

Wakuu wa Kenya, hongereni sana kutoka Moshi. Kwenye 404 lazima niingie, maana hilo ndilo gari nililolisikia kabla sijajua kusoma. Babu yangu aliyaona mashindano ya magari ya Safari yakipita, akilala kwenye mahindi kando ya barabara usiku kucha. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, hivyo ni yetu sote, msituibie!

404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Hiyo ya 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa kwetu Tanzania. Na mwaka 1963, kisha tena 1968, matope yalikuwa mabaya kiasi kwamba magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Mara zote mbili saba, na mara zote mbili wa kwanza alikuwa Nick Nowicki na 404. Gari lililopita hapo leo linashindwa na kilima cha Mai Mahiu kwa sababu ya bomba la mafuta, halafu leso inaliokoa. Napenda sana habari za namna hii.

Gia ya Usukani (mleta uzi)

Mwana Moshi karibu sana, na mashindano ni yenu pia, hakuna ubishi. Umenikumbusha: kwenye meza tuliweka picha ya Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, ndugu yake Jaswant akiwa kando yake, kisha akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Watu humkumbuka kama dereva. Alikuwa fundi kwanza, alijifunzia kwenye gereji ya babake. Mzee wetu alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, mikono nyuma.

Binti wa 404

Ni mimi wa leso. Sikutaka kuandika lakini mmenizungumzia sana.

Baba alipofariki gari lilikuwa limesimama miaka mitatu. Nilikuwa sijui hata mafuta ya breki huwekwa wapi. Gereji ya kwanza niliyolipeleka, sitaitaja, waliniambia injini imekufa, hakuna spea duniani, niwape pesa waweke ya Toyota. Walishaitoa hata kabureta. Nililipa nusu. Usiku huo nilitafuta kwenye droo ya baba nikapata risiti ya karatasi iliyoandikwa kwa penseli, "valvu zimesagwa, siti bado mzima", na namba ya simu ya mezani. Namba haikuwa inafanya kazi. Nilienda Grogan na ile risiti nikawa naionyesha duka kwa duka, na duka la nne wakautambua mwandiko.

Guka alipofungua kichwa cha injini alinionyesha kwa tochi. Aliniambia petroli ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake, na ile risasi ilikuwa inakinga siti za valvu, pale valvu inapokalia ikifunga, zisiliwe. Kenya ilipoacha petroli ya risasi mwaka 2006 ulipokuwa unaingia, injini nyingi za zamani zenye siti laini zilianza kulika polepole: valvu inazama, nafasi inaisha, nguvu inapotea, na mwenye gari anadhani ni uzee. Ya kwangu ilikuwa hivyo kwenye valvu mbili za ekzosi. Fundi wa kukereza akatengeneza siti ngumu za chuma, zikapigwa ndani kichwa kikiwa moto na siti zikiwa zimelala kwenye barafu. Nilikuwepo. Unasikia mlio mmoja, tak, na haitoki tena.

Injini ile ile. Ile ambayo baba aliisikiliza akitupeleka shule.

Jumapili alipokataa kushuka niliogopa, nilidhani amekasirika. Jana nimelisogeza bomba. Vidole viwili vyake ni kama vitatu vyangu, kwa hiyo nimeweka vitatu.

Spana Kumi

Nimesoma mara mbili. Binti, pole kwa baba. Nilimfahamu, alikuwa akiniazima pampu ya matairi.

Kuhusu injini ya Toyota, mimi mwenyewe 504 yangu iliwahi kuwekewa, miaka minne. Ilikwenda vizuri, sitadanganya. Spea kila kona, mafuta kidogo. Nilipoirudisha ya Peugeot wengi waliniona nimepoteza pesa. Lakini kila nilipofungua boneti ilikuwa kama kumkuta mgeni kitandani pa mzazi wangu. Anayefanya hivyo kwa shida ya pesa simlaumu. Klabu isimfukuze.

Mvita

Hapo kwenye kutofukuza nakuunga mkono, bwana. Bora gari litembee na moyo wa kuazima kuliko lilale kuku watage ndani.

Nami nichangie ya kwetu. Mkija Mombasa na magari yenu msije moja kwa moja na kuanza kulaumu petroli ya pwani. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, pungufu karibu moja ya tano kuliko hapa baharini. Fundi mzuri wa huko hupunguza jeti, vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, ili petroli ilingane na hiyo hewa. Ukiteremka na jeti hizo hizo, hewa ya huku ni nzito, petroli inakuwa haba, injini inachemka na plagi zinatoka nyeupe kama chokaa. Badilisha jeti, au angalau usilikimbize. Na ukipanda kurudi na jeti za huku, kinyume chake: moshi mweusi, plagi masizi.

La pili kutu. Upepo wa bahari hauli gari kwa nje, huanzia ndani ya milango na chini ya zulia. Kila Ijumaa baada ya swala mimi huosha chini ya Beetle yangu kwa maji baridi, naacha milango wazi mpaka magharibi. Ni ya mwaka 1967 na sakafu ni ya asili. Wallahi sijaichomelea.

Kijana wa Kayole

Wakubwa, shikamooni. Mimi nina miaka 26, niko kazi ya boda. Napenda Beetle tangu utotoni. Nimeona moja Dandora inauzwa, injini inawaka vizuri sana, mwenye nayo ni mkweli, lakini chini imelika. Naomba ushauri kabla sijatoa akiba yangu. Na je, mtu kama mimi anaweza kuja kwenye klabu yenu bila gari?

Gia ya Usukani (mleta uzi)

Marahaba, kijana wangu. Usitoe pesa bado.

Gari la zamani lenye injini mbovu na bodi nzima ni bora mara kumi kuliko lenye injini nzuri na bodi iliyoliwa. Injini ya Beetle unaitoa na kuirudisha siku moja, imeshikwa na bolti nne, na haina hata rejeta. Bodi ni miezi na miezi ya kuchomelea, na kila ukikata kipande unakuta kingine kinachokungoja.

Nenda na tochi. Inua kiti cha nyuma, upande wa kulia: betri hukaa hapo, na asidi ikimwagika hula sakafu kimya kimya. Bonyeza kwa bisibisi, usione haya. Kisha tazama zile mbavu ndefu chini ya milango, zinazopitisha hewa ya joto na ndizo zinazoshikilia bodi yote. Zikiwa zimejazwa puti na kupakwa rangi nyeusi mpya, gonga: chuma hulia, puti hunyamaza. Mwisho fungua mlango, uinue kidogo kwa mkono, uufunge. Ukikataa kuingia mahali pake, gari limeshaanza kujikunja katikati.

Kama ni sakafu ya betri peke yake, inatengenezeka. Kama ni mbavu pande zote mbili, mshukuru mwenyewe, uondoke.

Na swali lako la pili ndilo limenifurahisha kuliko yote. Njoo. Kuanzia Jumamosi hii, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mzee wetu atafundisha asubuhi, bure, kwenye gereji yake. Hayo ndiyo tuliyokata keki kwa ajili yake. Tulimuuliza klabu imzawadie nini, tukidhani atasema simu au kiti. Akasema anataka meza ndefu na taa nzuri, na watoto kumi.

Ana daftari, wakuu. Niliona kwa macho yangu. Jalada la buluu limeshikwa na gundi ya matairi, kurasa zimekolea oili mpaka zinapitisha mwanga. Kila gari alilowahi kuliseti kwa urefu wetu huu liko ndani: jeti namba ngapi, nafasi ya valvu, nafasi ya pointi, na pembeni maneno mafupi kama "mwenyewe mzito wa klachi" au "usiamini geji ya mafuta". Vitabu vya kiwandani viliandikwa kwa ajili ya nchi zilizo usawa wa bahari. Hili limeandikwa kwa ajili ya Nairobi. Katibu ameanza kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na mzee ameketi kando yake akisoma pale ambapo penseli imefutika. Wamefika ukurasa wa arobaini.

Kijana wa Kayole

Nitakuja. Nije na nini?

Gia ya Usukani (mleta uzi)

Ovaroli na daftari. Saa mbili kamili, yeye hafungui mara ya pili.

Spana Kumi

Mimi nitaleta meza. Nina mbao za mvule zimelala nyumbani tangu nilipojenga, futi nane. Nani ana pikapu?

Binti wa 404

Ya mjomba, 504. Nakuja kuzichukua Ijumaa jioni, Mzee, kama haitakusumbua. Na naomba kuuliza humu: feni ya 404 yangu imeacha kushika. Kile kikaboni kidogo kinachopeleka stima kwenye sumaku ya feni kimeisha kabisa. Nimezunguka Grogan siku mbili. Kuna mwenye nacho?

Spana Kumi

Ninavyo viwili, kwenye kopo la maziwa ya unga, viliachwa na babako siku aliporudisha pampu yangu. Vichukue na mbao.